Ruhusa ya Siku Tisa

Ukitaka kujua treni ya kutoka Milano kwenda Luzern hupita upande gani wa ziwa, usimuulize aliyewahi kuipanda, maana huyo alikuwa amesinzia. Muulize Lim Saw Ean, muuza tambi wa kantini ya shule ya msingi pale Taiping, kaskazini ya Kuala Lumpur, mjane wa miaka hamsini na minne, ambaye mbali kabisa alikowahi kufika ni Hat Yai, ng'ambo tu ya mpaka. Alilala usiku mmoja akarudi na mfuko wa korosho.

Safari ya Italia na Uswisi aliipanga kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza alikuwa akijifurahisha tu, mwaka wa pili akaanza kusoma ratiba za treni, na wa tatu watoto wake wakagundua kwamba mama yao hatanii. Kupanga safari na watoto wadogo ni kazi ya kubeba mizigo, lakini kuipanga na watoto wakubwa ni kazi ya hakimu. Wei Xian, kijana wa miaka ishirini na saba, fundi wa mitambo huko Penang, alitaka milima yenye theluji na hakuona sababu ya kutazama kanisa zaidi ya moja. Dada yake Shu Qi, wa miaka ishirini na mitatu, alitaka makanisa yote, na viatu. Wote wawili waliungana dhidi ya mama yao kwa jambo moja tu, nalo ni sufuria ndogo ya umeme ya kupikia wali aliyotaka kuitia begini.

"Mama, tunakwenda Italia. Wana chakula chao," alisema Shu Qi.

"Wana chakula chao, sijakataa. Siku ya tatu utaniamkia na kuniuliza wali uko wapi."

Kesi ziliamuliwa moja moja. Roma siku tatu, Florensi mbili, Milano kulala tu, halafu treni ipande milima hadi Luzern na theluji ya Wei Xian. Tarehe hazikuwa na nafasi ya kuchezewa. Saw Ean hawezi kufunga jiko la kantini ila shule zikifungwa, na likizo ya Septemba ilikuwa siku tisa. Oktoba Shu Qi angehamia Melbourne kuanza kazi. Desemba Wei Xian angeoa, na likizo ya mwanamume aliyeoa hupangwa na mtu mwingine. Kama si Septemba ile, wasingekuwa tena watatu peke yao. Jambo hilo Saw Ean alilijua vizuri, na lilimfanya akate tikiti mapema za bei nafuu, zile ambazo ukishalipia hazibadilishwi wala hazirudishwi.

Kilichobaki kilikuwa Ah Ma. Ndivyo wajukuu walivyomwita bibi yao, mama mkwe wa Saw Ean, na mtaa mzima ukafuata. Ah Ma alikuwa na miaka themanini na minane, akili yake kali kama wembe, na macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho kiasi kwamba uso wa mtu aliutambua kwa sauti. Mumewe Saw Ean, Teik Huat, alikuwa mwana wa kwanza wa nyumba ile. Alipokufa alimwachia mkewe karakana ya kutengeneza majokofu, ambayo ikauzwa, na mama yake, ambaye hauziki. Kwa miaka saba wanawake hao wawili wakaishi pamoja, mmoja akiogesha na mwingine akiogeshwa. Kwa siku tisa zile, wifi yake Kheng wa Kuala Lumpur alikubali kuja kukaa na mama yake. Saw Ean alimshukuru mpaka Kheng akaona haya.

Sasa sikia kosa lilikofichwa.

Baba mkwe alifariki tarehe ishirini na sita ya mwezi wa saba, kwa kalenda ya mwezi. Kila mwaka siku hiyo Saw Ean humpikia samaki wa mvuke, bata, tambi ndefu na mchuzi wa figili, akapanga vyombo mbele ya madhabahu ya nyumbani na kuwasha udi, mzee apate kula kwanza. Ni kazi ya mke wa mwana wa kwanza, na ameifanya miaka kumi na tisa bila kukosa. Kalenda hiyo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kama mfungo wa majirani zao Wamalei. Saw Ean akahesabu kwa vidole, akaona siku ya mzee itaangukia kumi na nane Agosti, akaandika, akasonga mbele. Alisahau kwamba Wachina wenzake hawaiachi kalenda yao irudi nyuma milele. Kila baada ya miaka miwili mitatu huichomekea mwezi mzima wa ziada ili isimame sawa, na mwaka ule mwezi wa sita ulikuja mara mbili.

Ungemwambia mtu mwingine yeyote angekuuliza, kwani nyumbani hakuna kalenda? Ipo, tena ile ya kuchana, karatasi moja kila siku. Aliyekuwa akizichana kila asubuhi ni yeye mwenyewe Saw Ean, macho kwenye tarakimu kubwa nyekundu, wala hakusoma maandishi madogo ya chini. Mkamia maji hayanywi.

Tarehe kumi na sita Agosti alirudi sokoni na bata. Ah Ma akanusa, akauliza karamu ya nani. Saw Ean akamwambia ni ya baba, keshokutwa.

"Keshokutwa baba yenu hana njaa," alisema Ah Ma. "Huu bado mwezi wa sita, Ean. Wa pili."

Saw Ean akaifuata kalenda ukutani na kufunua karatasi mbele kwa kidole chenye maji ya bata. Ishirini na sita ya mwezi wa saba ilikuwa kumi na saba Septemba, siku ya treni ya Milano. Na si siku hiyo tu. Safari nzima ilikuwa imeangukia ndani ya mwezi wa saba, mwezi ambao mizimu hufunguliwa mlango, na nyumba ile mwezi huo hakuna aendaye hata kuogelea. Akasimama pale akihisi kuta zinamsogelea. Miaka minne, na mlango umefungwa na mwezi wa sita.

Akatafuta upenyo kila mahali. Kheng alikuwa amebatizwa na hashiki udi, wala hapiki chakula cha madhabahu, na hata angekubali, binti aliyeolewa ni wa nyumba nyingine. Ah Ma kusimama mbele ya jiko haiwezekani. Wei Xian alipopigiwa simu alisema basi safari ifutwe, naye akamjibu kwa ukali kwamba hakuna kitakachofutwa. Shu Qi alisema babu amekufa miaka kumi na tisa, anaweza kula wiki moja mapema, ana haraka gani?

Maneno ya Shu Qi yalikuwa ya kukosa adabu, lakini yalikuwa na mwanya. Kwa desturi, siku ya marehemu haicheleweshwi, ila kuitanguliza inawezekana, mradi mwenyewe akubali. Saw Ean akamweleza Ah Ma. Bibi akafikiri, kisha akasema, "Hilo si langu. Tumuulize mwenyewe."

Wakamuuliza kama wanavyouliza watu wa nyumba ile, kwa sarafu mbili kuukuu zilizopakwa rangi nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Zikianguka moja nyekundu na moja nyeupe, amekubali. Zikifanana, amekataa. Hurushwa mara tatu, na jibu ni lile lililokuja mara nyingi. Anayerusha ni mkubwa wa nyumba.

Ah Ma akashikwa mkono mpaka mbele ya picha ya mumewe. Akamweleza kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtu aliyeko chumba cha pili, kwamba Ean anaomba ruhusa ya siku tisa aende na watoto Ulaya, naye atampikia wiki moja kabla, bata yuleyule. Akarusha. Sarafu zikalia kwenye sahani ya bati.

"Soma," akasema.

Zote nyeupe. Saw Ean akasema kweli. Mara ya pili zikaja moja nyekundu, moja nyeupe, naye akashika kiti. Mara ya tatu moja ikatulia upesi, ya pili ikazunguka, ikazunguka, ikalala. Zote nyekundu.

Akamtazama mkwewe. Ah Ma alikuwa ameelekeza uso pembeni, macho yale meupe yakitazama ukuta. Mle ndani walikuwa wawili tu, na mwenye macho alikuwa mmoja. Neno lilikuwa fupi na lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini mzee alikuwa akimtazama kutoka kwenye picha, na pembeni yake Teik Huat, na Saw Ean akawaona watoto wake wakining'inia juu ya bonde kwenye kigari cha kamba cha kupandia milima ya Luzern, mwezi wa saba, kwa uongo wa mama yao. Akaogopa. Tusimtafutie neno zuri zaidi ya hilo.

"Amekataa, Ma."

"Angalia tena," akasema Ah Ma.

Saw Ean akainama, akaangalia tena. "Zote nyekundu, Ma. Nina hakika."

"Haya," akasema Ah Ma, akaomba arudishwe kitini.

Watu husema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema atapelekwa Uswisi.

Watoto wakaondoka wawili, baada ya kulia kwa Shu Qi na kununa kwa Wei Xian, kwa sababu mama yao aliapa kwamba wasipokwenda hatawapikia tena maisha yake yote. Kheng akaambiwa asije. Roma ikapita, Florensi ikapita, na Saw Ean akawaongoza kwa simu kutoka jikoni Taiping, shukeni hapa, msipande basi hilo, kanisa hilo mlango wake uko nyuma. Kila jibu lilikuwa sahihi, na kila lililokuwa sahihi lilimkereketa. Theluthi moja ya safari ile ilikuwa imelipiwa kwa jina lake na inasafiri bila mtu.

Tarehe kumi na saba Septemba alipika tangu alfajiri. Mzee akala kwanza, udi ukaisha, vyombo vikaondolewa, na jioni, saa kumi na moja, yeye na Ah Ma wakakaa kula mabaki ya karamu. Huko waliko watoto ilikuwa saa tano asubuhi. Simu ikalia. Shu Qi akageuza simu yake kuelekea dirishani, na ziwa likaingia mezani kwao, la buluu kweli kweli, na katikati ya Wei Xian na begi la dada yake palikuwa na kiti kitupu.

"Mama, tumekaa upande uleule uliosema. Unaona?"

"Naona," alisema Saw Ean. Kisha treni ikaingia kwenye handaki na picha ikakatika.

Ah Ma alikuwa akinyonya mfupa wa bata. Akauweka chini polepole.

"Mama mkwe wangu miaka tisa ya mwisho alikuwa haoni kabisa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea sarafu. Nilikwenda harusi ya dada yangu Singapore. Nilikwenda Penang wiki nzima. Nilikwenda Hat Yai mara mbili. Hakuna mtu wa madhabahu ile aliyewahi kunikatalia."

Saw Ean alitaka kulia, alitaka kuipindua meza pamoja na bata wake, na alichoweza kusema kilikuwa kidogo tu.

"Ungeniambia, Ma."

"Nilikuambia uangalie tena."

Kisha Ah Ma akasogeza bakuli lake aongezewe mchuzi, na Saw Ean akamwongezea.