Msumari wa Kumi na Mbili

Wapwa zangu, kisa hiki hamtakisadiki, na wala sitawabembeleza. Mtasema mjomba katia chumvi. Leo hata punje sina.

Kabla hajawa mama yenu, alikuwa mpasuaji wa kwanza wa kike katika vita vile. Chumba chake cha upasuaji kilikuwa darasa la watoto: meza ya mwalimu, ubao mweusi, na chini ya ubao misumari kumi na miwili aliyoipigilia mwenyewe. Kila kitambaa kilichoingia kidondani, kikitoka kimelowa damu, kilitundikwa kwenye msumari wake. Msumari mmoja ukibaki mtupu, hashoni. Madaktari wanaume walimcheka. "Bibi wa kuanika nguo," walimwita.

Adhuhuri ile ndege walinyamaza mitini. Mizinga, ambayo asubuhi ilinguruma ng'ambo ya mto, sasa ilitikisa chaki kwenye ukingo wa ubao. Mezani alilala dereva wa lori, tumbo wazi: mdogo wa damu wa mpasuaji mwenyewe, aliyembeba mgongoni utotoni. (Kijana mtanashati, nisimpunje.)

Mpasuaji akatoa kipande cha chuma, akafunga mshipa. Akanyoosha mkono apewe sindano, kisha akatazama ukutani.

"Hesabu tena," akamwambia muuguzi.

"Nimehesabu mara mbili, daktari. Kumi na kimoja."

Ofisa akachungulia mlangoni, kofia mkononi. "Lori la mwisho linaondoka! Shona huyo mtu twende!"

"Bado."

"Bado nini? We mama, utatuua kwa ajili ya tambara!"

"Tambara hilo likioza ndani, wiki ijayo namzika. Nyie nendeni."

Wakaenda kweli. Alisikia mlio wa lori ukififia, na baada yake kimya kibaya kuliko mizinga. Kisha kioo cha dirisha kikapasuka.

Muuguzi hakukimbia. Alishikilia kingo za kidonda, midomo ikisali. Mpasuaji akaingiza mkono tena, taratibu, kama mtu apapasaye ufunguo gizani. Chini ya ini, hakuna. Nyuma ya utumbo, hakuna. Dereva alikuwa amepauka midomo. Plasta ya dari ikamwagika, na muuguzi akainama kulikinga tumbo kwa mgongo wake. Ndipo vidole vikagusa kitu laini kando ya wengu, kimejikunja kama kinajificha. Akakivuta. Akakitundika.

"Kumi na viwili," akasema, akachukua sindano.

Na hapo, wapwa zangu, bomu zima likaingia dirishani likifuka moshi, naye, bila kuacha kushona, akalidaka kwa mkono wa kushoto, akalitu—

"Koma hapo hapo!" Mama yenu kasimama nyuma ya kiti changu, miwani puani, anasoma. "Bomu gani? Na wewe, mdogo wangu, ulikuwa umelala usingizi wa dawa, tumbo wazi. Ulichungulia kwa kitovu?"