Mjumbe Aliyetia Saini Nje ya Mlango

Mzee Angetile alichaguliwa mjumbe wa kamati ya zahanati bila mpinzani. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye ekari tatu za mpunga na kokoa nyuma ya nyumba, na katika miaka sitini na miwili hakuwahi kuitwa barazani kujibu lolote. Kijijini kwake, upande wa Ngonga, walisema kuku wa jirani akitaga jikoni kwa Angetile, hurudishwa kwao pamoja na yai lake.

Kazi ya mjumbe haina fumbo. Dawa zikiletwa, aingie stoo pamoja na mganga, makasha yafunguliwe mbele yake, vitu vihesabiwe, karatasi ilingane na kilichomo, ndipo atie saini. Serikali imewapa wanakijiji jicho ndani ya zahanati yao, na jicho lenyewe lilikuwa Angetile.

Mwaka uliofuata akaletwa mganga mfawidhi mpya, naye alikuwa Naomi, mke wa Godwin, mwana mkubwa wa Angetile, anayefanya kazi kwa wakala wa forodha Kasumulu, mpakani na Malawi. Kwa Wanyakyusa wa umri wa Angetile, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja. Vijana wengi wameiacha mila hiyo, wanakula meza moja na wakwe zao. Angetile hakuiacha.

Basi siku ya dawa alikaa kwenye benchi la nje. Anyisile, mama anayefanya usafi pale, akamletea karatasi, akamwita tata, yaani baba.

"Tata, mganga anasema uingie uone."

"Mwambie nimeona."

"Umeona nini, na mlango umeupa mgongo?"

"Wewe Anyisile, ukifungiwa stoo na baba mkwe wako, utamhesabia vidonge?"

"Nitatokea dirishani!" Anyisile akacheka, akampa kalamu.

Ikawa hivyo mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu Anyisile alitoka bila kucheka.

"Tata, safari hii ingia tu. Dawa mseto ya malaria ni pungufu, na vipimo vyake pia. Nusu ya kilichoandikwa. Anasema mwandike pamoja barua ya upungufu kwa halmashauri. Ya kwake peke yake, bila mjumbe, haina uzito."

Dereva wa gari la dawa alikuwa anapiga honi. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milima ya Livingstone, na kokoa ya Angetile ilikuwa imeanikwa uani bila mtu wa kuianua. Alitia saini penye neno "kamili", akaondoka haraka. Njiani alijiambia kwamba amemstahi mkwe. Uongo. Alikuwa ameistahi kokoa yake.

Naomi angeweza kwenda kumshtaki. Lakini amshtakije baba wa mumewe, na kwa ushahidi gani, wakati saini imeshasema kamili? Akanyamaza.

Baada ya wiki tano dawa ya malaria ikaisha. Mtoto wa Marita, muuza ndizi, akashikwa na homa, Naomi akaandika rufaa, mama na mtoto wakapanda bodaboda kwenda mjini. Walipofika Bondeni, kabla ya hospitali, mtoto akapatwa na degedege mikononi mwa mama yake. Alipona. Hasira ya Marita haikupona.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipokaa uwanja wa shule, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Gari la dawa tuliliona wote. Dawa ziko wapi? Mume wa mganga yuko wapi? Kasumulu, mpakani! Mnataka niwachoree ramani?"

"Zimevuka mto Songwe hizo, ziko Malawi!" mtu akadakia.

"Afungashe aondoke!"

"Aondoke aende wapi? Polisi kwanza!"

Naomi alikuwa amesimama nyuma kabisa ya umati, kajitanda khanga mpaka machoni, kwa kuwa baba mkwe alikaa mbele. Hata siku ile, huku akiitwa mwizi, alimstahi.

Mwenyekiti Enoki akainua karatasi. "Taratibu, jamani. Hapa imeandikwa zimepokelewa kamili, na mjumbe wetu ametia saini. Mzee Angetile, wewe hatuna shaka nawe hata kidogo. Ulizihesabu?"

Neno "ndiyo" lingemwachia jina lake lote. Lingempeleka Naomi polisi jioni ile ile. Angetile alisimama.

"Sikuhesabu."

"Ongeza sauti, tata."

"Sikuhesabu! Tangu aje mganga huyu sikuingia ndani hata mara moja. Mganga aliniita mara tatu. Aliniambia ni pungufu, mimi nikaandika kamili."

Mzee Ebeneza, aliyekua naye, akauliza polepole, "Kwa nini, ndugu yangu?"

"Ni mkwe wangu yule," Angetile akaanza, na papo hapo akaona wazee wanatikisa vichwa kwa kumwelewa. Walikuwa tayari kumsamehe. Hilo ndilo lililomchoma.

"Hapana," akasema. "Mila haikunikataza kusema siku ya kwanza, mchagueni mwingine. Niliupenda ujumbe wa kamati. Nilipenda kuitwa mjumbe. Na siku ile ya tatu nilikuwa na kokoa uani."

"Mwanangu alikakamaa," Marita akasema, "kwa ajili ya kokoa?"

Angetile akaketi.

Walimwondoa, wakamweka Marita mahali pake. Mama yule, ambaye saa moja nyuma alitaka Naomi afungwe, akaenda naye stoo moja kwa moja, wakahesabu mpaka jua likaelekea kutua. Barua ya upungufu ikapelekwa kesho yake. Dawa zenyewe hadi leo zinangojwa.

Jioni hiyo Angetile alirudi kwake peke yake. Kwenye njia ya mashambani akasikia hatua nyuma yake, kisha zikasimama. Naomi alikuwa amepiga magoti kando ya njia, ameugeuzia mpunga uso wake.

"Ndaga, tata," akasema. Asante, baba.

Afadhali angemtukana. Tusi angelistahili na angelibeba. Alishukuriwa kwa kusema kweli ambayo alikuwa akidaiwa kuisema tangu siku ya karatasi, kabla ya mtoto wa mtu kukakamaa barabarani. Alipita ameinamisha kichwa, na safari hii haikuwa kwa ajili ya mila.