Ukanda wa Ngozi kwenye Mpira wa Kioo

Wakati wa vita vya Shifta, malori yaliondoka Garissa kwenda Liboi kwa msafara wa askari, na aliyechelewa aliachwa. Asubuhi moja, kwenye lori nililoendesha, ule mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye kioo cha mbele ulichomoka. Bila maji hayo, vumbi la malori ya mbele lingenipofusha njiani. Nikafungua kitabu cha maelekezo ya gari, nikaufunga kwa waya. Waya ukaukata.

Abiria wangu, mfugaji mzee wa Kisomali, alicheka.

"Warya, wewe kijana, kitabu kimesema ukate?"

"Kimesema nifunge, adeer," nikamjibu, nikimwita ami kwa lugha yake.

"Basi funga kama mwenye ngamia."

Nilipunguza ncha iliyokatika, nikaurudisha mpira mahali pake. Yeye akalowesha ukanda mwembamba wa ngozi mbichi ya mbuzi, akauzungusha pale mara tatu, akafunga fundo.

"Washa injini, joto lake liikaushe. Ngozi ikikauka, inabana."

Askari walipopuliza filimbi, ukanda ulikuwa mkavu. Nikabonyeza kitufe, maji yakaruka hadi juu ya kioo. Mzee akashika kichwa.

"Wallahi! Maji ya kunywesha mbuzi wawili, unaosha dirisha!"

Tukaingia msafarani, gari la mwisho. Njia nzima, kila mkono wangu ulipoelekea kitufe, aliukamata.