Maiti kafufuka mchana kweupe

Jamani, nisikilizeni.

Leo mchana niko peke yangu nyumbani, hapa Chamazi. Nikafungua kitabu cha katuni za Kijapani alichoniazima jirani yetu, dada Rehema. Vitu hivi sijawahi kusoma maishani.

Ukurasa wa kwanza, mtoto wa kike anazikwa.
Nikafunua. Anaelea mtoni.
Mbele kidogo, yuko nyumbani anakula wali!

Maiti anakula! Na mama mtu anacheka tu!

Hapo hapo mlango ukagongwa. Nilipiga yowe mpaka kuku wakatawanyika uani.

Kumbe Bibi, karudi kisomoni. Nikamweleza huku natweta. Akakigeuza kitabu, akanionyesha jalada liko upande wa pili.

"Mjukuu wangu, kwani juzuu unafunguliaga wapi?"

Kulia, kama Kurani! Kumbe na hiki ni hivyo hivyo, nami nimeanzia mwisho. Mie niliyehitimu madrasa!

Basi hakuna mzimu. Kuna mtoto tu, anakula wali, anamuaga mama yake, anaelekea mtoni.

Nimefika anapovua viatu ukingoni, nikakifunga.

Nyie, bora angekuwa mzimu. Nani ana roho ngumu aje anifunulie ukurasa unaofuata?