Vifuniko vya Ambilikile

Mwanamke wa kijiji cha Mpemba, karibu na Tunduma, aliyekosa kifuniko cha sufuria hakuwa na haja ya kumshuku jirani. Alijifunga kanga yake vizuri akaenda moja kwa moja kwa Ambilikile, na mara nyingi alikikuta huko, kimegongwa nyundo hadi kikawa bapa, kimetobolewa katikati, na mumewe ameketi pembeni akisubiri kuimbiwa. Ugomvi ulikuwapo, tusidanganyane. Lakini hao hao waliokuja wamekunja uso ndio waliorudi nyumbani wamekikumbatia kifuniko, na tangu hapo maharage yakafunikwa kwa jani la mgomba.

Ambilikile alizaliwa milimani Ileje, kwa watu wa kanisa na wa jembe. Ujanani alikwenda Lupa, huko Chunya, kuchimba dhahabu ya wenzake, na dhahabu hakurudi nayo. Alirudi na gramafoni. Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago alikuwa nayo, pamoja na mkono wa pili wa chuma wenye ncha kali. Ukiufunga mkono ule mahali pake, mtu akaimba ndani ya pembe ya gramafoni, ncha ilichora sauti yake juu ya sahani laini ya alumini. Ambilikile alitoa baiskeli yake, wakabadilishana. Alipoingia kijijini kwa miguu, mzigo kichwani na gitaa mgongoni, ndugu zake walicheka hadi wakakaa chini. Mtu mwenye akili zake anatoaje baiskeli achukue kinanda? Wakasema amerogwa huko Chunya. Yeye alihamia Mpemba, akamwoa Enesi, akaendelea na wazimu wake.

Sahani za Mzungu zilipokwisha, ndipo alipokiona kifuniko cha sufuria ya mkewe kwa macho mapya. Enesi alikuwa shambani. Aliporudi na kuona kilichofanyika alisema maneno ambayo binti wa mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Ambilikile alimwacha amalize, kisha akatia ufunguo gramafoni, akaizungusha. Kitu cha kwanza kutoka ndani ya pembe kilikuwa jina la Enesi, na jina la baba yake, na la ukoo wao, yote yamesalimiwa kwa gitaa. Enesi alisimama na jembe begani. Halafu akamwambia aurudie wimbo.

Kuanzia hapo kazi ikajulikana: leta kifuniko chako, utaimbiwa. Hakuna kifuniko kilichofanana na kingine, kwa sababu Ambilikile hakuwa na namna ya kuzalisha nakala. Kila mteja aliimbiwa upya tangu mwanzo, na kila wimbo ulianza kwa kumsalimu mwenyewe kwa jina. Sharti lilikuwa moja tu. Alumini ni laini, na sindano za chuma zinazouzwa madukani kwa ajili ya santuri za kampuni huikwangua mpaka isibaki sauti. Kifuniko kilitaka mwiba. Enesi alichuma miiba ya mchongoma, akaikausha juu ya jiko, akaifunga kwa uzi kwenye kila kifuniko kilichotoka, na akamwonya kila mtu kana kwamba anamkabidhi mtoto mchanga.

Wakati huo vijana wa pande hizi walikuwa wanavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Nkana, na waliorudi likizo walirudi na gramafoni. Basi vifuniko navyo vikaanza safari. Viliviringishwa ndani ya blanketi, vikavuka mpaka pale Tunduma mgongoni kwa wasafiri, vikafika kwenye kambi za wachimbaji. Huko mtu wa kijiji cha Ndalambo aliweza kukaa juu ya kitanda chake cha chuma akasikia anaitwa kwa jina, kwa lugha ya mama yake.

Pale Tunduma, kando ya barabara kuu, palikuwa na duka la Boazi. Boazi aliuza nguo, mablanketi, chumvi, na santuri za kampuni moja kubwa. Mwaka wa hamsini na mbili mtu wa kampuni hiyo alifika na gari kutoka Nairobi, akamsikia Ambilikile kwenye harusi Ndalambo, akasahau hata kula. Alimwahidi Boazi uwakala wa eneo zima, kuanzia mpakani hadi Mbeya, kama angempata huyu mpiga gitaa. Kesho yake wakaja wote wawili Mpemba na karatasi.

Karatasi ilisomwa na Boazi, kwa sauti ya mtu anayesoma Injili. Nyimbo zote za Ambilikile zitakuwa mali ya kampuni. Salamu za majina ziondolewe, maana santuri ni ya kila mtu. Wimbo utakwisha pale taa nyekundu ya studio itakapowaka, na vifuniko vikome. Ambilikile alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tusiseme hakutamani. Aliwaza tayari sauti yake inalia Dar es Salaam na Mombasa, na wale ndugu waliomcheka kwa ajili ya baiskeli wamekusanyika mbele ya duka wakiisikia. Mkono ulikwisha kusogea kwenye wino. Kisha akauliza swali.

"Nikitia dole gumba hapa, halafu nikaitwa harusini Ndalambo, nitaimba nini?"

Mtu wa kampuni alijibu kwa upole kwamba ataimba kitu kingine, kisichokuwa cha kampuni. Ambilikile akaurudisha mkono wake mapajani. Alisema hana kitu kingine, na kwamba mtu anayeomba ruhusa kuimba wimbo aliotunga mwenyewe afadhali awe bubu. Aliwakaribisha chai, wakakataa, wakaondoka. Mpemba nzima ilimwita mjinga. Hata Enesi, aliyekuwa ameshaanza kuota nyumba ya bati, hakumsemesha mpaka jua lilipotua.

Boazi hakusahau. Uwakala ulikuwa umemponyoka mdomoni, na kila siku ya gulio alilazimika kumwona Ambilikile ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya duka lake, amepanga gramafoni yake juu ya sanduku, watu wamemzunguka na vifuniko mkononi. Alitafuta njia ya kumwaibisha, na njia ikaja yenyewe imembeba mtoto mgongoni.

Yunisi alikuwa mke wa Amoni, mchimbaji wa Nkana. Amoni alikwenda mgodini kabla mtoto hajazaliwa, na hakujua kuandika wala kusoma. Barua angesomewa na mtu mwingine mbele ya watu, na Yunisi hakutaka habari ya mtoto imfikie kwa kinywa cha mgeni. Akaimbiwa kifuniko. Wimbo ulimwambia Amoni kwamba amepata mtoto wa kiume, na kwamba ameitwa Andongwisye, jina la marehemu baba yake Amoni. Siku ya gulio alikuja Tunduma kutafuta msafiri wa kuaminika, akapita dukani kununua chumvi. Boazi akamwambia, kwa tabasamu, alete hicho kifuniko wasikie wote.

Yunisi alimpa kwa furaha. Mama gani hataki jina la mwanawe lisikike gulioni? Boazi alikata uzi, akauacha mwiba uanguke sakafuni, akafungua kikopo cha sindano za chuma, akaweka mpya. Usiseme alikosea. Mtu huyu aliuza sindano. Gramafoni ilitoa mlio kama wa panga linalonolewa, watu barazani wakacheka, na Boazi akakiinua kifuniko juu wakione.

"Hizi ndizo santuri za Mpemba," alisema.

Yunisi aliuokota mwiba, akaomba kwa sauti ndogo kijaribiwe tena. Kilijaribiwa. Palisikika mkwaruzo tu, kuanzia pembeni hadi katikati. Alivuka barabara akilia waziwazi, akakiweka kifuniko juu ya sanduku la Ambilikile. Hakukuwa na haja ya kuelezwa. Ambilikile alipitisha kidole juu ya ile mikwaruzo na akahisi hasira ambayo hakuwahi kuihisi hata siku ile ya karatasi. Siku ile walitaka wimbo wake. Leo Boazi alikuwa amemfuta mtoto wa mtu.

Boazi akamwita kutoka barazani kwamba karatasi bado ipo, aje atie dole aache kudanganya wake za wachimbaji. Ambilikile aliuliza tu nani ana kifuniko. Mama mmoja aliyekuwa anauza maharage alikitoa juu ya sufuria inayochemka, akakifuta kwa upindo wa kanga, akampa. Nyundo ikalia.

Ambilikile alipoweka mdomo kwenye pembe, Boazi naye akaweka santuri ya kampuni kwenye gramafoni yake, akaigeuza ielekee barabarani. Dansi la mjini likajaa gulio lote. Ilikuwa akili nzuri: sauti yoyote iliyoingia ndani ya pembe ingechorwa pamoja na wimbo. Enesi akamshika mumewe bega, akamwambia asubiri. Ambilikile akatikisa kichwa, akaanza kupiga gitaa hapo hapo, ndani ya kelele ile.

Alimsalimu Amoni wa Nkana. Akamwambia kwamba ana mtoto wa kiume, na jina lake ni Andongwisye. Kisha akamwambia, kwa tuni ile ile bila kukosa uzi hata mmoja, kwamba makelele anayoyasikia nyuma ni ya Boazi, mwenye duka Tunduma kando ya barabara, mahali wachimbaji wanaponunulia mablanketi wakirudi nyumbani. Kwamba Boazi huyo alilikwangua jina la mwanawe kwa sindano ya chuma, mama yake akiwa amesimama, ili achekeshe watu. Kisha akarudia jina la mtoto, tena na tena, watu wakaanza kuitikia, na santuri ya Boazi ikafika mwisho wake kabla hawajamaliza.

Enesi akaweka mwiba. Gulio zima likasikiliza kifuniko cha maharage. Dansi la mjini lilisikika kwa mbali, na juu yake sauti ya Ambilikile, na jina la Boazi likatoka safi kabisa, herufi kwa herufi.

Boazi alivuka barabara. Hakuwa na tabasamu tena. Alijua kifuniko hicho kitasikilizwa katika kambi nzima, na kwamba wanaume wa kambi hiyo, mikataba ikiisha, wote hupita mbele ya duka lake. Alimchukua Ambilikile pembeni, lakini gulioni hakuna pembeni. Alisema walikuwa wanataniana tu. Alisema mambo ya karatasi yamekwisha, aimbe apendavyo, ila jina lake liondolewe.

"Kifuniko hakifutiki kwa mwiba, Bwana Boazi," Ambilikile alisema. "Kinafutika kwa chuma, na sindano unayo wewe. Kichukue. Mtoto yumo humo humo, na mama yake huyu hapa."

Akamnyooshea kifuniko. Boazi alikitazama, akamtazama Yunisi, akawatazama wanawake waliosimama nyuma yake na masufuria yasiyofunikwa. Mikono yake ilibaki mifukoni. Yunisi akakipokea kifuniko yeye, akakifunga ndani ya kanga pamoja na mwiba wake, akamrekebisha mtoto mgongoni, akashika njia ya mpakani kumtafuta msafiri.