Usianike Santuri Juani

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: pumba za mpunga, sabuni ya unga, na plastiki iliyopata moto. Nilikuwa Rujewa, nina miaka kumi na tisa. Saa nne asubuhi nilijiona shujaa wa nyumba nzima. Saa saba mchana nilikuwa natafuta pa kujificha.

Siku hizi nawaona vijana wa Mbeya na Iringa mnazitafuta santuri za babu zenu kwenye masanduku, mnanunua mashine za kuzipigia, na moyo wangu unaruka! Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Nataka upate raha ile, lakini usipite nilikopita mimi.

Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa, miguu ndiyo ilikuwa inawasha. Nikapanda lori la mbao, nikabeba matenga ya nyanya Ilula, nikapaka rangi nyumba za watu Mbeya, mwisho nikatua Rujewa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kila nilichokiona nilitaka kukifungua nione ndani kuna nini. Redio, saa, pampu ya baiskeli, hata kufuli la mwenye mashine, jambo ambalo hakulifurahia hata kidogo. Watu wakanipa jina: Kiguu na Njia.

Nilipanga chumba kwa Baba Neema, mzee wa Kihehe aliyehamia huko kulima mpunga. Mke wake alifariki Neema akiwa bado ananyonya, na sasa Neema mwenyewe alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ile. Kutoka kwa mama yake alibakiwa na picha moja iliyofifia na santuri moja. Mama yule aliimba kwaya ya kanisa Iringa, na kwaya ile iliwahi kurekodiwa. Upande wa kwanza una nyimbo mbili. Wimbo wa kwanza mama anaimba peke yake, wa pili yumo katikati ya wenzake. Lakini mashine ya kupigia ilikufa zamani, kabla Neema hajapata akili. Binti alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya mama yake. Hata siku moja.

Niliposimuliwa hivyo, chai ilinishinda. Nikaomba niione mashine. Nikaifungua, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo tu: mkanda wa kuzungushia ulikatika. Nikakata ukanda mwembamba kwenye tyubu ya baiskeli, nikaufunga, nikaweka betri za redio. Ikazunguka! Mwanangu, niliruka nikagonga kichwa kwenye kenchi ya paa. Neema akaja mbio na mikono yenye unga. Tukaweka santuri, tukashusha sindano.

Ilitoka sauti kama vitunguu vinakaangwa. Nyuma yake, mbali sana, watu kama wanaimba ng'ambo ya mto. Miaka yote ile vumbi la mashine za mpunga lilikuwa limejaa kwenye mistari ya santuri.

"Ndiyo yeye huyo?" Neema akauliza.

"Yumo," baba yake akasema. "Yumo humo ndani, chini ya hiyo kelele."

"Basi mtoeni."

Neno hilo nililichukua kama nimetumwa mimi. Kesho yake, wao wakiwa wamekwenda kanisani kupanga mambo ya harusi, mimi sikumngoja mtu. Nikachota ndoo ya maji ya mfereji wa shambani, yale mekundu unayoyajua, nikamwaga sabuni ya unga bila kipimo, nikazitosa santuri zote sita za mzee, ile ya kwaya ikiwamo. Nikasugua kwa nguvu, kitambaa kikienda huku na huku, kama ninayetoa masizi kwenye sufuria. Nikasuuza kwa maji yale yale. Ziling'aa, mwanangu! Nikapiga mluzi.

Halafu nikafanya kitu ambacho ni mtu wa Usangu tu, bonde hilo la Rujewa, wakati wa mavuno, angekifanya bila kuwaza. Kule chochote kilicholowa kinapelekwa turubaini. Mpunga, nguo, mboga, godoro la mtoto, vyote vinaanikwa pamoja. Nikasogeza mpunga kidogo, nikazipanga santuri sita juu ya turubai, jua la Rujewa likiwaka utosini. Nikarudi kazini kwangu.

Saa saba, nikiwa nimerudi kula, nikasikia mtu anabisha hodi uani. Alikuwa Shangazi, dada wa Baba Neema, ameshuka kwenye basi kutoka Ilula na tenga la nyanya za harusi. Nyuma yake Neema na baba yake ndio kwanza wanaingia.

"Kamwene," Shangazi akasalimia, kisha akainama kwenye turubai. "Na hizi chapati nyeusi, ni za harusi?"

Hakuna aliyecheka. Nilisogea nikaona. Santuri zilikuwa zimepinda. Mbili zilijikunja kama jani la mgomba lililopita kwenye moto. Ya kwaya ilikuwa imeinuka ukingo upande mmoja, kama ungo.

Neema aliiokota ile ya kwaya, akapuliza mpunga uliobaki juu yake. Hakunitukana. Alisema tu, "Jana nilikuwa na kelele. Leo hata kelele sina."

Afadhali angenipiga kofi. Baba Neema alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mimi nikaanza kueleza: niliona vumbi, nikadhani, nilitaka iwe safi, nilitaka kumfurahisha. Shangazi akaninyamazisha kwa kidole.

"Wewe ndiye yule anayefungua vitu?"

"Ndimi, Shangazi."

"Unajua kufungua. Je, kuuliza unajua?"

Nikainama nianze kuziokota zile nyingine.

"Mimi nimepika kwa mapadre Iringa miaka mingi," akasema. "Padri mmoja alikuwa na santuri ukuta mzima, na mimi ndiye niliyezisafisha. Hujui hiyo sahani imetengenezwa na nini, umekwenda kuiosha kama sufuria na kuianika kama mpunga. Ungeniuliza! Nilikuwa njiani nakuja. Ulishindwa kungoja basi moja?"

Maneno yale yaliniingia, lakini kilichonishangaza ni kwamba hakuishia hapo. Aliishika santuri kwa kingo, viganja viwili, bila kidole kugusa mistari, akaitazama kwa upande kama mtu anayepima ubao. Akasema, "Imeumia. Haijafa. Chukua baiskeli nenda Igawa."

Igawa kuna mafundi wa malori, na mafundi wana maji safi ya kuongezea betri za gari, maji yasiyo na tope wala chumvi. "Uombe maji yenyewe, siyo asidi," Shangazi akanikazania. "Ukileta asidi, nakuogesha wewe." Sijawahi kuendesha baiskeli vile. Nilikwenda na kurudi bila kuhisi miguu!

Sasa tazama alivyofanya. Alitia tone moja la sabuni laini kwenye bakuli la maji yale. Tone moja tu, mwanangu, mimi nilikuwa nimetia viganja viwili. Karatasi ya katikati aliifunika kwa kifuniko cha kopo isilowe. Akachukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikalainika, akapitisha kwa kuzunguka, akifuata mistari ilivyokwenda, hakuikata hata mara moja. "Uchafu umelala ndani ya mistari," akaniambia. "Ukikata, unausukuma ukutani. Ukifuata, unautoa mlangoni." Kitambaa kikatoka na tope jekundu, lile la maji yangu ya mfereji. Akasuuza kwa maji mapya, akarudia. Kisha akaisimamisha kwenye kichanja cha vyombo, kivulini, mbali na vumbi, ikajichuruzisha yenyewe.

Ilipokauka tukailaza kati ya vioo viwili vya dirisha, juu tukaweka gunia la mchele. "Kwanza safi, ndipo uzito," Shangazi akasema. "Ukikandamiza mchanga, unauchora humo milele." Ikakaa ndani ya chumba cha bati, kwenye joto la wastani, siku tatu. Mimi nilikuwa napita pale kila saa kama mtu mwenye mgonjwa wodini.

Jumamosi asubuhi Neema alikuwa ameshavaa gauni. Akasema haendi kanisani kabla hajajua. Tukatoa gunia, tukatoa vioo. Imenyooka, lakini ukingoni bado kulibaki kama wimbi dogo. Shangazi akashusha sindano kwenye wimbo wa kwanza, ule wa mama peke yake. Sindano ikarushwa. Akarudisha, ikarushwa tena. Mara ya tatu vilevile. Wimbo ule ulikuwa umekwenda, na aliyeupeleka ni mimi. Mpaka leo ninapoandika, hapo pananiuma.

Neema aliangalia chini. Shangazi akasogeza sindano ndani kidogo, pale mistari haikupinda, kwenye wimbo wa pili.

Kukawa kimya. Kimya safi! Vitunguu vyote vimekwisha. Halafu tukasikia watu wanavuta pumzi pamoja, kwaya nzima, na wimbo ukaingia ndani ya chumba kile kama watu wamefungua mlango. Ungeweza kuwahesabu. Yule mzee wa sauti nene, wale wasichana wa juu, kinanda pembeni.

Baba Neema akaruka kutoka kwenye kigoda. "Huyo! Huyo hapo!"

"Yupi, baba?"

"Anayechelewa! Sikiliza mwisho wa mstari, wenzake wanamaliza, yeye bado anavuta. Mwalimu wa kwaya aligombana naye kila mazoezi!"

Tukasikiliza. Kweli, mwisho wa kila mstari, wote wakinyamaza, sauti moja nyembamba inabaki nyuma kidogo, kama mtu asiyetaka kuondoka.

Neema akaziba mdomo kwa mkono. "Nimemsikia," akasema. "Baba, nimemsikia! Rudia."

Tulirudia mara tano. Mchungaji alitungoja, na wageni wakanung'unika, na Shangazi akasema wanung'unike. Kwa kelele ile ya mwanzo, sauti ile moja kati ya thelathini isingesikika kamwe. Usafi ndio uliomtoa.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Udadisi ulio nao usiuache, ni mali. Mimi umenipa maisha. Ila kabla mkono haujagusa kitu cha watu, mdomo utangulie kuuliza: hiki ni kitu gani, kinaogopa nini, nani amewahi kukishika? Santuri inaogopa jua, inaogopa maji machafu, inaogopa vidole. Na zile nzito za zamani zinazovunjika kama kigae zinaogopa spiriti, usizipake kabisa, zitayeyuka. Osha kwa maji safi na sabuni ya tone, fuata mistari, kausha kivulini, na usifanye haraka eti kwa sababu una furaha. Nia yangu ilikuwa njema, na wimbo ulipotea vilevile. Ukikosea, usikimbie. Kaa, fanya utakalotumwa, hata kama halitarudisha yote.

Mungu akupe masikio mazima hadi uzeeni. Akupe watu wa kukukemea wakikupenda. Na nyumba yako, popote miguu itakapokufikisha, isikose wimbo. Amina.