Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Leseni yangu ya udereva ilipokaribia kwisha muda, miaka mitano baada ya kuipata, niliahirisha kwenda kuihuisha mpaka zikabaki siku tatu. Watu wengine huchelewa kwa uvivu. Mimi nilichelewa kwa aibu, maana leseni ile sikuistahili, na aliyelijua hilo pamoja nami alikuwa askari mmoja tu. Ndivyo nilivyodhani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Nilijifunza gari nikiwa na miaka arobaini na sita, umri ambao wenzangu walikuwa wameshauza magari yao ya kwanza. Kwenye tambarare sikuwa na neno: kona, taa, kuegesha, vyote nilivimudu. Mlima ndio ulionishinda. Mwalimu wetu wa udereva alitupeleka kwenye kilima cha barabara ya vumbi, akatusimamisha katikati, kisha akataka tuondoke bila gari kurudi nyuma. Niachie breki, nikanyage mafuta, niachie klachi taratibu, yote hayo kwa miguu miwili tu aliyonipa Mungu. Gari lilizima, au lilirudi nyuma, au vyote viwili. "Mama, sikiliza injini," alikuwa akiniambia. Mimi nilikuwa nausikia moyo wangu tu.

Siku ya mtihani tulipangwa mstari chini ya kilima hichohicho. Askari wa trafiki aliyetutahini alikuwa kijana mrefu, na alipofika kwangu akashusha karatasi zake.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikamtambua. Nilimfundisha Historia miaka mingi nyuma, na kuna siku nilimnyang'anya karatasi ya mtihani kwa kumchungulia mwenzake. Sasa alikuwa anatabasamu, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenitahini mimi," alisema. "Mimi ni nani nikutahini wewe?"

Akaandika anachojua, akaenda kwa aliyenifuata. Sikupanda kile kilima. Ilinipasa kusema, hapana, mwanangu, nipandishe kama wenzangu. Nilichosema ni, "Ahsante, baba. Mungu akubariki." Wiki iliyofuata nilisimama darasani nikawaonya wanafunzi kuhusu kuibia mitihani, tena kwa sauti kubwa, bila kupepesa macho.

Mwaka huohuo mjomba alifariki, kule Mgeta. Kwetu Waluguru ukoo hupita kwa mama, kwa hiyo mjomba ndiye nguzo, na msiba wake hauhudhuriwi kwa simu. Mama alikuwa kwangu mjini kwa matibabu ya macho, jicho moja limefungwa bandeji. Nikamwambia tutafute gari la kutupeleka. Akashangaa.

"Gari la nani tena, na mwanangu ana lake, na leseni ya serikali anayo?"

Ukoo mzima alikuwa ameshautangazia. Nikaenda kujaza mafuta. Alfajiri tukaondoka, mama mbele, mama mdogo nyuma pamoja na sufuria na mablanketi. Mpaka Mlali tulikwenda vizuri, hata nikaanza kujisifu moyoni. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda, nami nikapanda nayo kwa gia ya kwanza na dua, nikiomba asitokee wa kunisimamisha.

Akatokea. Kwenye kona kali lori la kabichi lilikuwa linashuka, watu wamekaa juu ya mzigo. Nikasimama. Dereva akaniashiria nisogee mbele kidogo, pale palipokuwa na upana, tupishane. Hatua kama kumi tu. Nikaachia breki, gari likazima likarudi nyuma. Nikajaribu tena, likarudi tena, na nyuma yetu kulikuwa na korongo. Mama mdogo akaanza kusali kwa sauti. Mara ya tatu mama akafungua mlango. Nilidhani anakimbia, na ningemwelewa. Kumbe mwanamke yule wa miaka sabini na ushee, mwenye jicho moja la kuonea, aliinama, akabeba jiwe kwa mikono miwili, akaliweka nyuma ya gurudumu.

Dereva wa lori alishuka. "Mama, naomba nikusaidie," alisema kwa adabu. Nikampisha. Akakaa kwenye kiti changu, na gari likapanda kama mbuzi aliyezoea njia. Watu wa juu ya kabichi wakapiga makofi.

"Klachi ina shida," nilimwambia mama. Dereva alinisikia. Akanirudishia ufunguo kwa upole, na huruma yake ikaniuma kuliko yale makofi.

Habari ilifika msibani kabla yetu, kwa bodaboda waliotupita. Wenye misiba ya kwetu wanajua kwamba watani wa ukoo hawaji kulia, wanakuja kuwatania wafiwa mpaka wacheke, na mtani hakasirikiwi. Mwanamke mmoja wa watani, rika langu, alinipokea na jiwe mkononi. Nilipoketi mkekani, akaliweka nyuma yangu. Nilipoinuka, akaliweka nyuma ya visigino. "Asije mwalimu wetu akarudi nyuma," akawa anasema, kwa sura ya huzuni kabisa. Mjane wa mjomba, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu asubuhi, akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nilicheka pamoja nao.

Hata hilo ningelistahimili. Lakini mama akasimama kunitetea.

"Gari ndilo bovu, klachi yake," aliwaambia. "Mwanangu kafaulu. Mwanangu, waonyeshe leseni."

Nikaitoa mkobani. Ikapita mkono hadi mkono, wazee wakaisogeza karibu na macho, wakaigeuza, wakanisifu. Nilitamani ardhi ipasuke palepale, kando ya kaburi la mjomba. Mtani aliipokea wa mwisho, akanirudishia kwa mikono miwili, kisha akalirudisha jiwe mahali pake.

Toka siku hiyo mama hakupanda tena gari langu kwenye milima. Kila nilipotaka kumfuata Mgeta, aliniambia nitengeneze klachi kwanza. Nami nikawa namjibu kwamba fundi anatafuta spea. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda zaidi ya miaka minne, spea moja baada ya nyingine.

Basi nikaenda kuihuisha ile leseni. Nilipanga foleni nikiwa na maneno yangu tayari, na nilikuwa nimeapa kwamba safari hii akitokea wa kunipima nitasema kweli. Hakutokea. Wakanipiga picha, wakachukua alama za vidole, na baadaye nikapewa kadi mpya inayong'aa. Nilifurahi, na nikajionea haya kwa kufurahi.

Jioni hiyo nikampigia mama, kwa sababu wiki hiyo alikuwa na kliniki ya macho.

"Mama, nimepata leseni mpya. Na klachi imepona. Nije nikuchukue?"

Akauliza, "Safari hii wamekupandisha mlima?"

"Mlima gani, mama?"

"Mwanangu, yule dereva alipanda na gari lilelile, na klachi ileile. Mimi nilikuwa mgonjwa wa macho, si wa masikio. Injini niliisikia."

Kumbe alijua tangu pale kwenye kona. Alijua aliposimama mbele ya watani na kuapa kwamba gari ni bovu. Alinisitiri kwa uongo wangu mwenyewe, na miaka yote hiyo akaningojea niukiri mwenyewe.

"Hawajanipandisha, mama," nikasema. "Hata mara ya kwanza hawakunipandisha."

"Haya. Basi kaa hukohuko, nitashuka na lori."

Alhamisi asubuhi nilisimama sokoni, mwalimu mzima na leseni mpya mkobani, nikalitazama lori la mboga linaingia. Mama alishuka kinyumenyume, akipapasa ngazi kwa mguu, vumbi la Mgeta nzima kwenye kitenge chake. Nikampokea kapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaikagua barabara ya lami iliyo mbele yetu, mpaka mwisho wake, kisha akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda.

"Twende," alisema. "Huku ni tambarare."